Chokaa Iwe Laini Kuliko Jiwe

Ukitaka kujua ukuta wa zamani unaumwa wapi, macho hayatoshi, ugonge. Shika nyundo ndogo, tembea kutoka kona hadi kona ukigongagonga plasta huku sikio limekaribia. Palipo pazima pataitika kwa sauti nzito na fupi. Palipoachana na jiwe patalia kama debe tupu. Jumamosi yangu ya kwanza na kikundi chetu cha kukarabati duka moja la zamani, kwenye kisoko kimoja chini ya milima ya Iveti, Machakos, sikupewa mwiko wala karai. Nilipewa nyundo na kipande cha chaki, nikaambiwa nichore duara kila ninaposikia debe. Kufikia saa saba mchana ukuta wa mbele ulikuwa umejaa miduara, na mzee fundi aliyetuongoza alikuwa amenirudisha nyuma mara tatu. "Hapo umepita tu, mwanangu," alisema. "Hujagonga."

Duka lenyewe si jumba la fahari. Ni vyumba viwili vya mawe, baraza pana lenye nguzo za mbao, milango mizito ya mbao, na mabati yaliyogeuka mekundu kwa kutu. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga maduka ya namna hii karibu kila soko la bara wakati wa ukoloni: mbele biashara, nyuma makazi, na barazani fundi cherehani akikanyaga mashine yake. Hakuna gavana aliyelala humo. Lakini waulize wazee wa kisoko hicho walikonunuliwa sare ya kwanza ya shule, au walikosimama kujikinga mvua siku walipokutana na wake zao, watakuonyesha baraza hilo.

Watu wa Machakos hupenda kukumbusha kwamba mji wao ulikuwa mji Nairobi ingali kinamasi. Ni kweli. Kampuni ya Imperial British East Africa iliweka kituo chake hapa kabla ya reli, na katika miaka ya 1890 afisa Mwingereza John Ainsworth alitawala kutoka hapa. Jina ni la Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba, likapindwa na ndimi za wageni. Wenyeji bado husema Masaku. Kisha reli ikapita mbali, kwenye mbuga za Athi, ikafika Nairobi mwezi Mei 1899, na makao ya utawala yakaifuata. Nimewasikia watu wakiisimulia habari hiyo kama msiba. Mimi naiona tofauti kidogo. Mji ulioachwa na reli haukuwa na pesa nyingi za kubomoa. Umaskini ulitutunzia kuta ambazo utajiri ungeziangusha mapema. Sasa pesa zimefika, magorofa yanaota kandokando ya barabara, na duka la mawe lenye baraza linaonekana kwa wengi kuwa ploti iliyochelewa.

Hata wanaolipenda hulidhuru. Sote tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo haisemi tuzibe kwa kitu gani, na humo ndimo ufundi wote ulimo. Viwanda vya saruji vimekuwa Athi River, ndani ya kaunti yetu wenyewe, tangu miaka ya 1950, basi mtu akiona ufa hununua mfuko mmoja, anachanganya, anaziba, analala. Duka letu lilikuwa limepakwa saruji hivyo miaka mingi iliyopita, na aliyeipaka bila shaka alikuwa na nia njema.

Saruji ni ngumu kuliko mawe yale, na haiyapi maji njia. Mvua ya Novemba hupenya kwenye ufa mwembamba kama uzi, maji yakakwama nyuma ya plasta. Jua likiwaka maji hutafuta pa kutokea, na njia pekee iliyobaki ni jiwe lenyewe. Chumvi inakaukia ndani ya jiwe, na uso wake unabanduka ganda baada ya ganda. Tulipofuata miduara yangu ya chaki kwa patasi, saruji ilitoka nzimanzima, vipande vikubwa kama sinia. Nyuma yake mawe yalikuwa yamekuwa unga. Niliingiza kidole ndani ya jiwe ambalo fundi wa zamani alilichonga kwa jasho, kikazama hadi kiungo cha kwanza.

Waliolijenga duka walitumia chokaa, na kwenye chokaa ndiko tulikorudi.

Chokaa huanza ikiwa jiwe. Mawe yake huchomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, yakaachia hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake na kubaki mepesi. Yatie maji: yatatokota yenyewe bila moto, yatapasuka kwa kishindo na kulegea mpaka yawe uji mweupe mzito. Huko pwani, Lamu na Unguja, ambako mji mzima ulisimamishwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mafundi wanajua kwamba chokaa iliyozimwa na kuachwa shimoni muda mrefu hulainika ikawa kama siagi. Ukishaipaka ukutani huanza kuvuta tena kutoka hewani kile ilichopoteza motoni, kidogo kidogo, kwa miezi na miaka, hadi inarudi kuwa jiwe. Siku mzee aliponieleza hayo niliweka mwiko chini nikakaa barazani. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani chokaa ni rangi ya kupaka miti wakati wa sherehe.

Kanuni aliyotufundisha ni hii: chokaa iwe laini kuliko jiwe. Nyumba husogea. Ardhi yetu hujaa maji msimu wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na ukuta huenda nayo. Lazima kitu kimoja kikubali kuumia. Kijazo kikiwa kigumu, jiwe ndilo litakalopasuka. Kikiwa laini, chenyewe kitapasuka, na baada ya miaka hamsini mtu atakuja na patasi akikwangue, ajaze upya, na jiwe litakuwa palepale. Ukarabati mzuri hufanywa ukijua kwamba kazi yako ndiyo itakayoliwa. Msanii Mwingereza William Morris na wenzake walipounda chama chao cha kulinda majengo ya kale London mwaka 1877, walihimiza kutengeneza kilichopo badala ya kukigeuza kiwe kipya. Mzee wetu hajapata kumtaja Morris, ila mtu akileta jiwe jipya kuchukua nafasi ya la zamani, yeye hulishika lile la zamani mkononi kwanza, akaligeuza, akaliuliza kama bado lina upande mmoja mzima wa kutazama nje.

Kazi yenyewe ni ya polepole mno. Unakwangua kiungo hadi kina chake kiwe maradufu ya upana wake. Unaosha vumbi. Unalowesha jiwe, maana jiwe kavu litafyonza maji ya chokaa kabla haijashika. Kipimo ni karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, nao mchanga uwe mkali, chembe zenye kona, usio na udongo. Tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, ngoja, utazame tope limelala unene gani juu. Hapo moyo huniuma. Mchanga wa mito yetu umepakiwa kwenye malori kwenda kujenga Nairobi mpaka mingine imebaki mwamba mtupu. Sisi tunachota kwa debe, tunachohitaji siku hiyo tu, na aliyechota anasawazisha shimo lake.

Kwenye kazi hii halipwi mtu. Wageni hushangaa wakisikia, lakini Ukambani jambo hilo lina jina tangu zamani: mwethya. Majirani wanaitwa, wanakuja na majembe yao, mwenye shamba anapika, na kesho shamba ni la mwingine. Kwa mwethya milima yetu ilifunikwa matuta. Katika miaka ya 1930 wakoloni waliandika kwamba nchi hii imekufa kwa mmomonyoko, na mwaka 1938 walipochukua ng'ombe kwa nguvu ili kupunguza mifugo, Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, aliongoza umati kwenda Nairobi kulalamika, na wakoloni wakamhamishia Lamu. Miongo mitano baadaye watu walikuwa wameongezeka mara tano hivi, na ardhi ilikuwa imepona. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza hayo katika kitabu chao cha mwaka 1994. Matuta ya fanya juu, udongo ukirushwa upande wa juu wa mtaro, yanafundishwa leo nchi za mbali kwa jina hilohilo la Kiswahili.

Kwa hiyo kikundi chetu hakikuanza bila kujua kitu. Mama mmoja kati yetu amepanga mawe ya mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu tangu akiwa msichana. Vijana walipohangaika na jiwe lisilokaa, alilichukua, akalizungusha mara moja, likakaa. "Kila jiwe lina mgongo na tumbo," aliwaambia. "Mnalilaza kwa mgongo."

Ipo sheria ya mwaka 2006 inayolinda makavazi na urithi wa taifa. Jengo lililotangazwa rasmi haliguswi bila idhini. Inafaa sana, lakini duka la kisokoni halimo kwenye orodha za wakubwa, na hata kuorodheshwa hakushiki paa. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, inajulikana dunia nzima, na bado sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu. Ukuta unataka mtu wa karibu, anayeuona kila siku.

Tulimaliza upande wa mbele mwezi wa Januari, wakati mbaya kuliko yote. Chokaa mbichi ikikaushwa na jua na upepo kabla ya wakati wake hugeuka vumbi, kwa hiyo tuliifunika kwa magunia yaliyolowa, na magunia yalihitaji maji asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima. Tulipangiana zamu. Jioni yangu nilichelewa, nikafika giza limeingia. Nikamkuta mama yule wa mawe amenitangulia, ingawa siku yake ilikuwa ya Alhamisi. Alikuwa ametoka kisimani na mtungi wa lita ishirini. Alinyunyiza gunia moja baada ya jingine kwa kikombe, akianzia juu, akipapasa kwa kiganja palipokuwa bado pana joto. Mtungi ulipofika nusu akaufunika, akajitwika, akaenda zake. Nyumbani walikuwa hawajapikiwa.