Mchezo Usio na Uchaguzi: Higurashi no Naku Koro ni

Kikundi cha ridhaa cha Kijapani, 07th Expansion, hakikuanza na fasihi. Kilibuni kadi za mchezo wa wenyewe. Mnamo Agosti 2002 ndipo kilipogeukia riwaya ya picha, yaani hadithi isomwayo kwenye skrini ya kompyuta pamoja na michoro na sauti, kikatoa sehemu ya kwanza ya Higurashi no Naku Koro ni. Msomaji wake hachagui njia yoyote. Hufungua kurasa tu. Mchezo uko wapi basi? Sehemu nne za mwanzo hutega fumbo la vifo vya kila mwaka katika kijiji cha Hinamizawa. Nne za mwisho, zilizokamilika 2006, hulitegua. Baina ya hizo msomaji ndiye anayecheza, kama mtegewa kitendawili anayekataa kutoa mji.

Michoro ya Ryukishi07, ambaye ndiye mwandishi, ni hafifu (mikono ya wahusika hasa!), na mazungumzo ya shuleni yamerefushwa mno. Hata hivyo, urefu huo una kazi: utani wa watoto humzoesha msomaji kuwapenda wale ambao baadaye atalazimika kuwashuku.