Hii Miguu Njo Yangu

Chumba chenyewe ni kidogo. Wakiingia watu sita, wa saba anasubiri nje. Zamani kilikuwa cha mshonaji, na ukiangalia sakafuni bado unaona mahali miguu ya cherehani ilipokaa. Sasa vijana wa hapa Mbugangari wamekipaka chokaa, wamefunga balbu mbili, wametundika kazi 14, na juu ya mlango wameandika kwa rangi ya buluu: GALERI. Kutoka hapo mpaka Petite Barrière, pale tunapovukia kwenda Goma, ni mwendo mfupi tu wa mguu.

Nimeenda mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na vijana wangu wa kikundi. Mara ya pili ilikuwa siku wageni wa mashirika walipokuja. Mara ya tatu nilienda peke yangu, asubuhi, mvua inanyesha. Naandika kwa ajili yenu mlio Kiziba, Mahama na Nkamira, ambao hamtapata nafasi ya kufika. Majina ya wachoraji sitayaandika. Wengine faili zao bado zinasubiri, na wenyewe waliniomba hivyo. Nitawaita kwa kazi zao.

Niseme mapema ninachofikiri, msije mkanifuata mpaka mwisho mkidhani nasifia tu. Katika chumba hiki kuna picha za aina mbili. Kuna zile ambazo mchoraji alijiuliza, "Mgeni anataka kuona nini?" Na kuna zile ambazo alijiuliza, "Mimi nimeona nini?" Za kwanza ndizo zimewekwa mbele. Za pili ndizo nzuri.

Tuanze na za mbele. Ukiingia tu, mkono wa kushoto, kuna Nyiragongo. Ni tablo kubwa kuliko zote, nyekundu na nyeusi, mlima unatapika na watu wanakimbia na magodoro kichwani. Ni usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mimi nilikuwepo usiku ule. Mbingu ilikuwa nyekundu kama jiko la makaa, na watu wa Goma walivuka bariyeri kwa maelfu, wengine na mbuzi, wengine na televisheni, mmoja namkumbuka alibeba mlango. Lakini kwenye tablo hii wote wanakimbia upande mmoja na hawana sura. Hakuna mwenye mlango. Ni kama mchoraji aliangalia picha za simu, hakuangalia kumbukumbu yake.

Halafu kuna jambo lingine. Lava ilikaribia Goma ikasimama. Siku zilizofuata ndipo na sisi wa Gisenyi tulipopata yetu: ardhi ilitetemeka mchana na usiku, nyumba zikapasuka, familia zikalala nje. Hilo hakuna aliyelichora. Ile mara ya tatu, nikiwa peke yangu, niliinua ukingo wa ile tablo nione imefungwaje. Nyuma yake ukuta una ufa, kuanzia juu mpaka chini, umezibwa na simenti. Nikamwuliza mwenye nyumba. Akasema ndiyo, ni ufa wa 2021, na picha imewekwa pale ili kuuficha, wageni wasiogope. Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga maonyesho, ningeitoa ile picha, niuache ufa, niandike tarehe pembeni.

Pembeni ya mlima kuna mtoto analia. Chozi moja kubwa, nyuma yake mahema meupe yamepangwa mpaka mwisho wa dunia. Hii ndiyo yenye bei kubwa kuliko zote, na siku ya wageni ndiyo ilinunuliwa ya kwanza. Aliyeichora namjua vizuri. Kazi yake ya kila siku ni kuchora mabango ya saluni, na vichwa anavyochora kwenye mabango vina maisha: ukiviona unajua huyu ni mjanja, huyu ana deni, huyu ameoa juzi. Ana mkono, hilo halina ubishi. Lakini mtoto huyu hafanani na mtu yeyote. Nikamwuliza, "Yaya, ni mtoto wa nani?" Akacheka. "Si wa mtu. Ni mtoto wa kulia tu." Nilipoendelea kumsumbua akanijibu kwa kifupi: "Machozi njo inalipa nyumba."

Sikuwa na jibu. Kodi ya nyumba hailipwi na maoni yangu. Pia sina haki ya kumhukumu, na sababu yake ni hii.

Wakati fulani shirika moja lilinipa kazi ya kuendesha siku ya uchoraji kwa watoto wa hapa mtaani. Karatasi ya mradi ilisema mada ni "Safari yangu". Mvulana mmoja, miaka kumi hivi, akachora mpira wa miguu. Tena alichora vizuri, mpaka zile nyuzi za pale ulipopasuka ukashonwa. Nikamwambia, hapana, chora safari. Akaniangalia, akageuza karatasi, akachora hema. Yule mtoto hajawahi kulala kwenye hema. Anakaa kwa mjomba wake, nyumba ya kupanga, mtaa wa nyuma ya soko. Alijua tu kwamba hema ndiyo jibu. Nikaipiga picha ile hema, ikaingia kwenye ripoti, ikapendwa. Mpira ulibaki upande wa pili wa karatasi. Hakurudi tena kwenye kikundi, nami sikumtafuta.

Kwa hiyo nikisema yule mtoto wa chozi ni picha mbaya, najua na mimi nilisaidia kuichora.

Wengine wananiambia tatizo ni kuuzia wageni. Sikubali. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya masonite, kwa rangi za mafuta za dukani, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Hata hivyo wale ndege na chui wake walikuwa wa kwake. Alikufa 1972, na mpaka leo watu wanachora kwa mtindo wenye jina lake. Mgeni kununua si dhambi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu na sisi wa asili ya Kongo. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa 1947 kule Katanga. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na yeye pia aliuza kwa wageni, maana wao ndio walikuwa na pesa. Miaka ya 1973 na 1974 alifanya kazi na Johannes Fabian, profesa aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Tshibumba alimweleza kwamba yeye ni mwanahistoria, anataka kuchora historia yote ya nchi. Akaichora, kuanzia kabla ya Wabelgiji, kupitia Lumumba, mpaka Mobutu, picha zaidi ya 100, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha kule kwao, profesa akarekodi. Picha zile ziko Amsterdam sasa, kwenye jumba la makumbusho. Mwenyewe alipotea tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Lakini angalia nani alichagua cha kuchora. Mgeni alileta pesa na masikio. Mada aliileta Tshibumba.

Na watu wa Lubumbashi wa wakati ule walikuwa na neno kwa picha za namna ile, walizotundika sebuleni: ukumbusho. Neno hili sote tunalo. Picha ya ukumbusho haikuwa ya kupamba ukuta tu. Ilikuwa ya kumfanya aliyeketi chini yake aanze kusimulia. Mimi nimekichukua hicho kuwa kipimo changu. Nilikaa kwenye kile chumba nikawa naangalia watu badala ya picha: ni mbele ya kazi gani wanaanza kuongea?

Mbele ya mlima, walisema "ee", wakapita. Mbele ya mtoto wa chozi, walinyamaza kama kanisani, wakapita.

Sasa nenda mpaka mwisho, nyuma ya mlango, pale mlango ukifunguliwa picha inafichika. Hapo kuna tablo ndefu na nyembamba, imechorwa kwenye ubao wa kitanda. Ni foleni ya bariyeri alfajiri, kabla lango halijafunguliwa. Mchoraji ni dada anayeuza nguo kuukuu, na amechora miguu tu. Kuanzia magotini kwenda chini: pindo za vitenge, kandambili, buti za plastiki, magunia ya karoti yamewekwa chini kidogo ili mabega yapumzike, magurudumu matatu ya baiskeli ya mlemavu anayevusha mizigo. Kila jozi ya miguu ni mtu. Kuna kisigino kimepasuka kama udongo wa kiangazi. Kuna miguu miwili inayokanyagana kwa baridi. Kuna miguu midogo katikati ya miguu mikubwa.

Siku niliyokuwa peke yangu aliingia mama mmoja kujikinga na mvua, ana beseni la nyanya. Hakuja kuona sanaa. Alipofunga mlango akakutana na ile picha. Akainama. "Weye! Hii miguu njo yangu." Akavua kandambili atuonyeshe. "Angalia hii kidole, jiwe ilinipigaka ku Birere." Kisha hakuacha kuongea mpaka mvua ilipokatika: ni mwaka gani alianza kuvuka, nani walikuwa naye, yupi alibaki ng'ambo, na asubuhi ya tarehe 27 Januari 2025, vita ilipofika Goma na makombora yakaanguka mpaka huku kwetu Rubavu, yakaua watu, na yeye akakaa chini ya kitanda na beseni hili hili. Hakuna aliyemwuliza. Hakuna aliyemwambia "eleza safari yako". Huo ndio ukumbusho. Na picha hiyo bado haijanunuliwa.

Kazi nyingine nazitaja haraka. Kuna kipande cha bati chenye tundu, kutoka paa moja la hapa, kumbukumbu ya siku ile ile ya Januari. Aliyekileta amechora maua kuzunguka tundu. Maua yameharibu kazi, tundu lilitosha. Kuna imigongo mbili, zile kazi za samadi ya ng'ombe na majivu ambazo wasomaji wa Mahama mnazijua, maana ni za huko huko Kirehe. Moja iko kwenye ubao, mistari yake imenyooka, ni safi. Nyingine msichana alijaribu kuiweka juu ya shitingi, ile turubai ya mahema, na samadi imeanza kubanduka. Wengine waliicheka. Mimi naona ilikosea kwa njia ya maana: desturi ya nyumba imekataa kushika kwenye ukuta wa kambi. Ajaribu tena, atafute gundi.

Na kuna picha ndogo, kama daftari, ya sahani ya sambaza na ugali. Samaki wamehesabika, kumi na mmoja, wanang'aa, mmoja amekatwa kichwa. Mgeni mmoja, mtu mwema kabisa, aliuliza hii inahusiana vipi na ukimbizi. Kijana aliyeichora akajibu, "Ni chakula cha jioni." Nawaomba ndugu zetu wa mashirika mlifikirie jibu lile. Hakuwa anawatania. Mkimbizi naye anakula jioni, na kuna siku samaki wanakuwa kumi na mmoja kwa watu sita, na hesabu hiyo iko pale kwenye sahani kwa anayejua kuangalia.

Neno la mwisho ni kwa waliopanga maonyesho, ambao ni rafiki zangu na najua watanuna. Vikaratasi vyote chini ya picha vimeandikwa Kiingereza na Kifaransa. Hakuna hata kimoja cha Kiswahili wala Kinyarwanda. Yule mama wa nyanya asingeweza kusoma kwamba miguu yake imepewa jina la Kifaransa. Nendeni mkaandike upya, hata kwa kalamu. Hamisheni foleni ya bariyeri muiweke mlangoni, pale ulipo mlima. Huyo fundi wa mabango mwambieni alete vichwa vyake vya saluni, na wageni waonyeshwe hivyo kwanza. Pengine watanunua. Tukiwaonyesha machozi tu, watajuaje kwamba kuna kingine?

Mimi kwa upande wangu nimeomba kikundi chetu kipewe kile chumba Jumamosi moja. Tutagawa karatasi na rangi. Mada haipo. Nimepita pia kwa mjomba wa yule mvulana, nyuma ya soko. Sikumkuta mtoto. Alikuwa kiwanjani.