Wengi Wape? Kichekesho cha Familia na Kura ya Mtu Mmoja

Utangulizi

Katika makala haya nakusudia kuhakiki kisa kimoja ambacho watunzi wa vichekesho vya familia vya televisheni ya Marekani wamekirudia mara nyingi. Mzazi au mlezi anaitwa mahakamani kuwa mjumbe wa juri. Nyumba inabaki haina mwenyewe, na huko mahakamani yeye peke yake anakataa kukubaliana na wenzake kumi na mmoja. Mwenzangu mmoja wa semina aliniambia waziwazi kwamba vitu hivi ni vya kutazama huku unamalizia ugali, si vya kuandikia makala. Mimi naona kinyume. Kichekesho kinachorudiwa kwa miaka zaidi ya thelathini, na bado watu wanacheka, kimegusa jambo ambalo jamii yake haijalimaliza.

Nimechagua vipindi vitatu. Cha kwanza ni "Edith Has Jury Duty" cha All in the Family (1971). Cha pili ni "Aunt Bee the Juror" cha The Andy Griffith Show (1967). Cha tatu ni "The Boy Who Knew Too Much" cha The Simpsons (1994). Hoja yangu ni hii: kisa hiki kina nguvu pale kinapoonyesha kwamba mtu anayepuuzwa nyumbani kwake anahesabiwa sawa na yeyote mbele ya sheria. Kinapoteza nguvu pale mtunzi anapoogopa kumwachia mtu huyo shaka yake, akakimbilia kumletea ushahidi kutoka mbinguni.

Chimbuko la kisa

Mzazi wa visa hivi vyote anafahamika. Mwaka 1954 Reginald Rose aliandika tamthilia ya televisheni iitwayo Twelve Angry Men baada ya yeye mwenyewe kukaa katika juri, na mwaka 1957 Sidney Lumet akaifanya filamu. Mjumbe mmoja, aliyeigizwa na Henry Fonda, anasimama dhidi ya kumi na mmoja wanaotaka kijana atiwe hatiani kwa kumwua baba yake. Vichekesho havikuchelewa kuiga. Uingereza, Tony Hancock aliifanyia dhihaka mwaka 1959, na mwaka 1962 The Dick Van Dyke Show ikatoa kipindi kiitwacho "One Angry Man".

Kuna mambo mawili ya kukumbuka kuhusu kazi ya Rose, maana nitayarudia. Kwanza, wajumbe wote kumi na wawili ni wanaume, na jina lenyewe linasema hivyo. Pili, mpaka mwisho hatuambiwi kama kijana yule aliua au hakuua. Tunachoambiwa ni kwamba shaka ipo, na shaka ikiwepo mtu hafungwi. Basi.

Nyumba iliyobaki bila mama

Wasiomjua Archie Bunker niwadokezee. Ni mfanyakazi wa Queens, New York, mwenye mdomo mrefu na ubaguzi wa kila aina, na kiti chake sebuleni hakikaliwi na mwingine. Mkewe Edith anakimbia (anakimbia kwelikweli, miguu mbio) kati ya jikoni na kiti hicho, huku akiitwa majina ya kudharau akili yake. Mtayarishaji Norman Lear aliwaingiza watu hawa katika CBS mwezi Januari 1971, na katika msimu huohuo wa kwanza ndipo Edith anapoitwa kwenye juri ya kesi ya mauaji.

Kichekesho chote cha nyumbani kinatokana na nafasi aliyoiacha. Archie, aliyezoea kuletewa kila kitu mkononi, anahangaika na kunung'unika. Anamlaumu mkewe, anailaumu serikali, anamlaumu kila mtu isipokuwa mikono yake mwenyewe. Kumbe yule asiye na akili ndiye aliyekuwa anaiendesha nyumba! Mtunzi hahitaji kutuhubiria. Anamtoa mtu mmoja kwenye jukwaa, halafu anatuachia sisi tuone kilichobaki.

Hapa ndipo wengi wetu tungeandika "dhamira: ukombozi wa mwanamke" tukapata alama zetu na kuendelea. Lakini hebu tutazame sheria ya wakati ule, ndipo tutaona jinsi kichekesho hiki kilivyokuwa na meno. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza rufaa ya Gwendolyn Hoyt wa Florida. Alikuwa amemwua mumewe kwa rungu la besiboli, na waliomtia hatiani walikuwa wanaume watupu. Katika jimbo lile mwanamke hakuwekwa kwenye orodha ya juri mpaka aende mwenyewe kujiandikisha. Mahakama ilikubaliana na utaratibu huo, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba mwanamke bado anahesabiwa kuwa ndiye kitovu cha nyumba na familia. Msimamo huo haukuachwa mpaka kesi ya Taylor dhidi ya Louisiana, mwaka 1975.

Sasa weka kipindi cha Edith katikati ya miaka hiyo miwili. Majaji walikuwa wamesema mama asisumbuliwe, nyumba inamhitaji. Lear na watunzi wake wakasema: haya, tumtoe tuone. Nyumba inayumba kweli, lakini wanaoyumba ni watu wazima wenye mikono na miguu. Hoja ya majaji haikanushwi kwa maneno, inachezwa jukwaani mpaka mtazamaji mwenyewe aicheke. Nadhani hotuba kumi zisingeweza kufanya hivyo.

Mahakamani nako Edith anakuwa yule mmoja dhidi ya kumi na mmoja. Wajumbe wanafungiwa hotelini, siku zinakwenda, naye hasogei. Utamu wa kejeli ni kwamba tabia zilezile zinazochekwa nyumbani, yaani kusikiliza kila mtu, kutokuwa na haraka ya kumhukumu mwenzake na kuamini watu, ndizo zinazotakiwa kwa mjumbe wa juri. Archie angetoa hukumu yake kabla shahidi wa kwanza hajakaa.

Wengi wape?

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshaguna. Sisi tunafundishwa kwamba wengi wape. Mtu mmoja anayewakatalia kumi na mmoja, kwetu huyo ni mkaidi, na mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Kisa hiki kinasimama kwa sababu ya kanuni moja tu ya sheria yao, kwamba juri ikubaliane yote. Majimbo ya Louisiana na Oregon, kwa miaka mingi na kwa makosa mengi, yaliruhusu mtu atiwe hatiani hata kama wajumbe wawili wamekataa. Mwaka 2020 ndipo Mahakama ya Juu ilipolikataa jambo hilo. Chini ya utaratibu ule, kesi nyingi zingempita Edith hivihivi, apige kura asipige.

Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti. Wakoloni walituletea wazee wa baraza wakae na jaji katika kesi za jinai, watoe maoni, lakini maoni hayo hayakumfunga jaji. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Ndiyo maana Vioja Mahakamani, kichekesho cha mahakama ambacho wengi wetu tumekulia nacho, hakina kisa cha namna hii. Pale kuna hakimu, mwendesha mashtaka, shahidi na mshtakiwa, na kicheko kinatoka kwenye lugha: mshtakiwa anajitetea mpaka anajifunga mwenyewe. Raia wa kawaida anaingia mahakamani kushtakiwa au kushuhudia, hapigi kura. Sisemi kichekesho chetu ni duni, la hasha. Nasema fani ya kichekesho hufuata umbo la chombo cha dola kinachokichekesha, na jambo hili wahakiki wetu hatujalitazama vya kutosha.

Ukweli unaoletwa mlangoni

Nije kwenye udhaifu. Katika "Aunt Bee the Juror", shangazi Bee, mlezi wa nyumba ya mkuu wa polisi Andy katika mji wa kubuni wa Mayberry, anakaa kwenye juri ya kijana anayeshtakiwa kwa wizi. Kijana huyo anaigizwa na Jack Nicholson kabla hajawa nyota. Wenzake wote wanaona ana hatia, Bee anaona hapana. Wanambana, hatikisiki, juri inashindwa kukubaliana. Mpaka hapo mtunzi anakwenda vizuri sana: mama mzee wa mji mdogo, mpole, mpishi, amesimamisha mahakama nzima.

Halafu nini? Mwizi wa kweli anakamatwa na Andy, na kila kitu kinakaa sawa. Hapo nilisikitika. Kwa kumleta mwizi, mtunzi anatuambia kwamba Bee alikuwa na haki ya kukataa kwa sababu alipatia. Je, kama mwizi asingejitokeza? Ukaidi wake ungekuwa upuuzi wa mama wa jikoni? Rose hakumfanyia Fonda hivyo. Mwanamume alipewa heshima ya kuwa na shaka tu, na shaka ikatosha. Mwanamke wa Mayberry anadaiwa risiti.

Mwenzangu yule wa semina alinijibu kwamba kichekesho lazima kiishe vizuri, watu wakalale. Nakubali kiishe vizuri. Lakini juri kutokubaliana na kijana kutofungwa kwa shaka nao ni mwisho mzuri, kwa mujibu wa sheria yao wenyewe. Kinachokosekana ni imani ya mtunzi kwamba watazamaji watamheshimu Bee bila kuthibitishiwa.

Homer na tumbo lake

Kwa sababu hiyo nakipa nafasi ya juu kipindi cha tatu, kilichoandikwa na John Swartzwelder, japo ndicho chenye upuuzi mwingi kuliko vyote. Bart anatoroka shule na kwa bahati anajificha katika jiko la jamaa wa meya wa mji. Freddy, mpwa wa meya, kijana mwenye fedha na jeuri, anamdhihaki mhudumu Mfaransa kwa jinsi anavyotamka jina la supu. Mhudumu anatoka jikoni akiwa ameumia vibaya na Freddy anashtakiwa. Bart ndiye pekee aliyeona kwamba mhudumu alijiangusha mwenyewe. Akisema, mwalimu mkuu Skinner atajua alitoroka. Na baba yake, Homer, yumo kwenye juri, akilala nyuma ya miwani iliyochorwa macho yaliyo wazi!

Homer naye anakuwa mmoja dhidi ya kumi na mmoja, lakini si kwa dhamiri. Amesikia kwamba wakishindwa kukubaliana watalazwa hotelini bure, chakula bure, bwawa la kuogelea bure. Anapinga kwa ajili ya tumbo. Na anayemtetea, bila kujua, hana hatia kweli.

Tazama jinsi kisa kilivyogeuzwa. Kwa Edith, nyumba ilibaki nyuma ikiyumba. Kwa Homer, nyumba yote imeingia mahakamani: baba juri, mwana shahidi, na mwalimu mkuu wa mwana naye ni mjumbe, analala chumba kimoja na baba. Uzito wa uadilifu umehamishwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Bart ndiye mwenye cha kupoteza, na anapoamua kusema, Skinner anausifu ukweli wake halafu anamwadhibu vilevile. Ukweli hapa unagharimu, haudondoki kutoka mbinguni kama kule Mayberry. Aliyeuleta ameulipia.

Wapo wanaosema kipindi hiki kinaidharau juri. Mimi naona kinaiamini kuliko vyote, maana kinakubali kwamba wajumbe ni watu wenye njaa, usingizi na tamaa, na bado kinaipa kura ya mlafi uzito uleule wa kura ya mwadilifu. Udhaifu wake ni mmoja. Marge, mama wa nyumba hiyo, hana kazi kubwa ndani ya kisa. Miaka ishirini na tatu baada ya Edith, mama amerudishwa nyumbani na baba ndiye aliyeenda mahakamani kulala.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba vipindi hivi vitatu vinauliza swali moja, nani anahesabiwa, na kwamba vinalijibu kwa ujasiri usiolingana. Edith anatuonyesha thamani ya mtu kwa kuiacha nafasi yake wazi. Bee anasimama imara, lakini mtunzi wake hakumwamini. Homer hastahili chochote, naye anahesabiwa. Kama ningelazimika kuchagua kimoja cha kufundishia, ningechukua cha Edith, kwa sababu jiko lile lililobaki bila mtu linaweza kuhamishiwa Temeke au Eastleigh leo na likaeleweka kabla mtu hajaelezwa juri ni nini.

Linalobaki nawaachia waandishi wetu wa tamthilia waliomo katika idara hii. Wazee wa baraza walikaa mahakamani kwetu miaka mingi, wakatoa maoni, jaji akayapokea au akayaweka kando, nao wakarudi nyumbani kwa wake, waume na watoto waliotaka kujua mambo yamekwendaje. Kichekesho cha jioni ile, mezani, sijakiona bado kimeandikwa.