Siku Nzima ya Kopo Tupu

Nililibeba jiwe lile kwenye mfuko wa sukari. Lilikuwa kipande cha jiwe la sabuni kilichobaki baada ya mchongaji mmoja wa Tabaka kumaliza kiboko chake. Kutoka kwetu Kenyenya hadi machimbo ya Tabaka ni safari ya bodaboda tu, na mawe hayo nimekua nayo nyumbani kama sahani, kama vishikio vya mishumaa, kama kitu cha kuzuia mlango usifungwe na upepo. Nilitaka kujua jambo moja, lina mionzi kiasi gani, na nilidhani maabara itanijibu kabla ya chai ya saa nne.

Mtaalamu, mama wa makamo mwenye koti jeupe lililochakaa mikononi, alilipokea akaliweka kando. Akachukua kopo tupu la plastiki, akalifunga mfuniko, akafungua sanduku la madini ya risasi lenye kuta nene kama tofali, akalitia ndani na kubonyeza kitufe.

"Madam, hilo ni tupu," nikamwambia.

"Najua, mwalimu. Rudi kesho."

Kopo lile lilihesabiwa saa 24. Nimewaona mafundi wengi, waashi, maseremala, wachuma chai wenye vidole vyepesi, lakini sikuwahi kuona anayetumia siku nzima kupima kitu kisichokuwepo.

Kumbe duniani hakuna mahali patupu. Matofali ya ukuta yana toriamu kidogo, saruji ya sakafu ina uraniamu kidogo, na miale ya angani hupenya paa usiku na mchana. Mpimaji mwenyewe ana potasiamu mwilini. Katika gramu moja ya potasiamu ya kawaida, atomu zipatazo 31 za potasiamu-40 huvunjika kila sekunde. Ndizi moja mbivu yenye karibu nusu gramu ina zake kumi na kitu. Hazimdhuru mtu, kwa kuwa mwili hutunza kiwango chake na kuitoa ziada, lakini sisi Abagusii tukiingia maabara na mkungu mzima begani, mashine itatuona. Basi usipojua kwanza ukuta, anga na kopo vinasema nini, utalisingizia jiwe maneno ya jirani.

Ndiyo sababu ya lile sanduku. Na hata risasi ina siri yake: ikiwa mpya hubeba risasi-210, ambayo huchukua kama miaka 22 kupungua nusu, hivyo wapimaji wa vitu hafifu sana hutafuta risasi kuukuu. Wengine wametumia chuma cha manowari za Wajerumani zilizozamishwa Scapa Flow, Uskoti, mwaka 1919, kwa sababu kiliyeyushwa kabla mabomu ya atomiki ya 1945 na majaribio yaliyofuata hayajachafua hewa inayopulizwa kwenye tanuri za chuma. Ndani ya risasi hutandikwa shaba, ili kuzuia miale ambayo risasi yenyewe huitoa inapopigwa. Yaani mlinzi naye amewekewa mlinzi.

Zamu ya jiwe ilipofika, bado haikuwa ya kuhesabiwa. Alilipiga nyundo, akalisaga, akalichekecha, akaukausha unga kwenye tanuri la nyuzi 110. Ulitoka laini kama poda ya mtoto, na si ajabu, maana poda ile ya zamani ilikuwa talki, madini yaleyale yanayolainisha jiwe la sabuni. Akapima uzito. Akajaza kopo la aina ileile, hadi alama ileile. Akazungushia utepe, akaandika tarehe, akaliweka kwenye rafu.

Mwezi mzima.

Radiamu-226 ni vigumu kuitambua kwa sauti yake yenyewe, kwa kuwa mwale wake mkuu hugongana na ule wa uraniamu-235. Hutambuliwa kwa vizazi vyake. Radiamu huzaa radoni, na katika uzao wa radoni mna risasi-214 na bismathi-214, na hawa wawili ndio wapiga kelele. Lakini radoni ni gesi. Ukilisaga jiwe, nyingine inatoroka. Ukifunga kopo, inajikusanya tena polepole, na kwa kuwa nusu-maisha yake ni siku 3.8, baada ya wiki nne mama na watoto wanakwenda mwendo mmoja. Anayehesabu mapema hupata namba safi, ndogo, ya uongo.

Subira hii ilianzia gizani. Kule Manchester, karibu mwaka 1909, Hans Geiger na Ernest Marsden walikaa kwanza kwenye chumba cheusi mpaka macho yazoee, kisha wakahesabu kwa hadubini vimulimuli kwenye kioo cha salfaidi ya zinki, kimoja kimoja. Mkubwa wao, Rutherford, alikiri kwamba yeye kazi hiyo ilimshinda baada ya dakika mbili, huku Geiger akiweza kukesha nayo.

Lakini ninaowavulia kofia zaidi ni wanakemia wa Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann, Desemba 1938. Walikuwa wameipiga uraniamu kwa nyutroni, wakaamini wametengeneza radiamu. Walipojaribu kuitenga na bariamu waliyoichanganya nayo, haikutengana. Mtu mwenye haraka angelaumu kemikali. Wao walichukua radiamu halisi, kiasi kidogo mno, wakairudisha katika njia ileile, na ikatengana vizuri. Kwa hiyo mkono haukuwa na kosa. Kile walichokiita radiamu kilikuwa bariamu, na atomu ya uraniamu ilikuwa imepasuka. Lise Meitner, mwenzao aliyekuwa amekimbilia Uswidi, na mpwa wake Otto Frisch ndio waliolieleza jambo hilo. Mimi hapo naliona lile kopo tupu: kwanza jipime wewe.

Miaka minne baadaye, 2 Desemba 1942, Enrico Fermi aliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia Chicago. Fimbo ya kudhibiti kinu ilivutwa kidogo, wakasimama, wakahesabu, ikavutwa tena. Katikati ya kazi akawaambia watu waende kula. Baadhi ya vihesabio vilitengenezwa na Leona Woods, msichana wa miaka 23. Uraniamu nyingi ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mjini na mgodini. Ni katika nchi hiyohiyo Afrika ilipata kinu chake cha kwanza mwaka 1959, TRICO, huko Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Nilirudi mwezi ulipokwisha, na kopo likahesabiwa siku nzima nyingine. Machimbo ya Tabaka yalikwisha kupimwa na watafiti, matokeo yakachapishwa mwaka 2011, kwa hiyo sikuwa nagundua lolote. Nilitaka kuona tu. Kwenye karatasi kulikuwa na majina matatu, radiamu, toriamu, potasiamu, na kila namba ilifuatwa na namba ndogo. Mama yule aliiwekea kidole ile ndogo. Ukihesabu mara 100, shaka yako ni 10. Ukitaka uwiano wa shaka kwa hesabu upungue nusu, ongeza muda mara nne. "Hii ndiyo nimeifanyia kazi," akasema. "Ile kubwa ni ya jiwe."

Nami, kwa maoni yangu, ningehofia kwanza vumbi analovuta mchongaji kabla ya mionzi. Hakubisha.

Nikamwomba jiwe langu. Akacheka, akanionyesha rafuni: unga umefungwa utepe, na chini ya tarehe ya kwanza ameandika ya pili, miezi sita mbele, atakapolihesabu tena.

"Ukilifungua sasa, mwalimu, utanirudisha mwanzo."

Nikakunja mfuko wangu wa sukari, nikautia mfukoni.