Nyimbo nne zilizoufungua muziki wa The Clash

Wengi husema The Clash, bendi ya panki, waligeuka walipotoa albamu ya London Calling, Desemba 1979. Kwa sikio langu, walikuwa wamekwisha kugeuka miezi saba kabla, kwenye The Cost of Living, santuri fupi ya nyimbo nne iliyotoka Uingereza mwezi Mei.

Tuanze na I Fought the Law, maana hapo ndipo penye utamu. Wimbo ni wa Sonny Curtis wa The Crickets. Bobby Fuller Four ndio waliouvumisha, 1966. Waimbaji wa The Clash, Joe Strummer na Mick Jones, walikutana nao kwenye mashine ya santuri iliyokuwa studio, San Francisco, walipokwenda kumalizia albamu yao ya pili. Hawakuukimbiza kama nyimbo zao za 1977. Mwenye usukani ni mpigaji ngoma, Topper Headon, aliyeijua soul na jazz kabla ya panki. Anapiga kwa nguvu, lakini kila pigo linatua mahali pake, na kati ya pigo na pigo gitaa linapata pa kupumua. Bastola inapotajwa, ngoma inajibu kwa mapigo mfululizo, kavu, na kisa kinaeleweka hata kwa asiyejua Kiingereza. Sijasikia panki ikipigwa vizuri zaidi.

Nafasi hiyo haikuwapo mwaka mmoja nyuma. Sandy Pearlman, prodyuza wa albamu hiyo ya pili, Give 'Em Enough Rope, aliyarundika magitaa mpaka sauti ya Strummer ikazama. Safari hii bendi ilisimamia kazi yenyewe, pamoja na fundi mitambo Bill Price, katika studio za Wessex, London. Ni studio hizohizo, na fundi huyohuyo, waliohusika na London Calling.

Groovy Times inakuja na gitaa kavu na harmonika, vitu ambavyo shabiki wa 1977 angeviona usaliti. Gates of the West anaimba Jones, kwa sauti laini yenye kuitamani Marekani.

Capital Radio ni ya zamani. Toleo la kwanza lilitolewa 1977 kupitia gazeti la NME, nakala zikawa adimu na bei ikapaa, kwa hiyo waliirekodi upya ili shabiki wa kawaida aipate. Wangeweza kuirudia ilivyokuwa. Badala yake, kuelekea mwisho wanaitumbukiza kwenye disko, na Headon anavuka kutoka mdundo mmoja hadi mwingine bila kujikwaa.