Vikonyo vya Mkonge

Mkonge huzaa bila mbegu. Baada ya miaka ya kukatwa majani, hutoa mlingoti mmoja unaopanda mita tano au sita. Maua huchanua na kupukutika, karibu yote yakiwa tasa, kwa kuwa chembe za mkonge hubeba seti tano za kromosomu, idadi isiyogawanyika sawa. Chini ya kila ua kuna jicho lililolala, nalo sasa huamka. Hivyo ndivyo vikonyo: vimkonge vya urefu wa kidole, vyenye majani na vipele vya mizizi tangu vingali juu. Mlingoti mmoja huweza kubeba zaidi ya elfu. Mama hachanui mara ya pili, hufa.

Maotea ya ardhini nayo huzaa, lakini hutoka kwa umri na ukubwa tofauti, na shamba lake halilingani. Ndiyo maana vikonyo hupendwa zaidi, na hapo ndipo ufundi wa mtu wa kitalu unapostahili sifa. Kikonyo ni mama yuleyule. Mama mwenye miiba ukingoni mwa majani huzaa wenye miiba. Aliyechanua mapema mno huachwa. Anayekosea kuchagua leo atalikuta kosa lake limejipanga mistari shamba zima. Vikonyo hukaa kitaluni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kisha mche hung'olewa na kupunguzwa mizizi. Hata ukilala juani siku nyingi haufi.

Uvumilivu huo ndio ulioleta mkonge Tanga. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vikonyo elfu moja kutoka Florida. Baada ya safari ya bahari ilibaki hai miche 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Humo ndimo ulimochipuka utajiri wa mashamba ya Muheza na Korogwe.

Hata hivyo mbegu iliwahi kuhitajika: mahuluti namba 11648, mwenye damu ya mkonge wa buluu uliopewa jina la mahali paitwapo Amani, alitokana na uchavushaji uliofanywa Tanga. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 na kitu; yeye hupita 600. Baada ya hapo naye akaachiwa vikonyo, akarithisha na udhaifu wake: ugonjwa unaochora majani mistari ya pundamilia, unaopenda udongo uliotuama maji. Kwa hiyo kitalu chake huwekwa penye mteremko.