Pongezi kwa kipa wa magongo

Msimu wa michezo ya shule ukianza, mashabiki wa Kibaha na wa Minaki, Kisarawe, hubishana kuhusu mfungaji. Kipa hukumbukwa akifungwa tu, na hapo anaonewa.

Kwenye mpira wa magongo kazi yake ni ngumu zaidi. Akiwa na pedi nene miguuni, husogea kwa hatua fupi kuziba pembe, kisha huupiga teke mpira mgumu uende pembeni. Akiutema mbele, mshambuliaji anamalizia.

Olimpiki ya Moscow, 1980, India iliifunga Tanzania mabao 18-0. Michezo hiyohiyo ilimpa medali ya fedha mwanariadha Filbert Bayi, aliyekuja kuanzisha shule Kibaha. Waliosimama langoni nao wapongezwe: baada ya kipigo hicho walirudi uwanjani kucheza mechi zilizobaki.